Kabla Septemba Haijafika: Mazungumzo na Akina Mama wa Vikundi, Buhongwa, Mwanza

Waliokosa kufika Jumamosi kwenye mazungumzo yetu ya kuanika na kuhifadhi mboga wameniandama kwenye simu wiki nzima, kwa hiyo nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, maana pazia la ukumbi limechanika na jua lilikuwa linaingia moja kwa moja.

Mwangaluka!

Hapana, salamu hiyo ya Kisukuma mmeiitikia kama mnatoka usingizini. Mwangaluka!

Haya, sasa mmeamka. Shikamooni wazee wangu mlioko mbele. Akina mama wa vikundi, viongozi wa mtaa, vijana mliojibanza mlangoni kama mnasubiri daladala, karibuni ndani, viti vipo. Na wale akina baba watatu kule nyuma nimewaona. Msijifiche. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, hamli?

Nianze na swali. Leo ni Juni. Nani hapa, mwezi wa nne, alitupa mboga? Nyoosheni mikono, mwenyekiti haandiki majina. Matembele yaliyokwenda kwa mbuzi. Kunde zilizozeeka mashinani kwa sababu nyumbani watu wamechoka kula kunde. Nyanya zilizoiva zote wiki moja zikaozea shambani. Mikono juu. Naam, naona ukumbi mzima.

Shusheni. Swali la pili. Nani, mwezi wa tisa mwaka jana, alinunua fungu la mchicha ambalo majani yake unaweza kuyahesabu, akalilipia bei iliyomfanya amtazame muuzaji usoni mara mbili? Mikono juu.

Jamani, mikono ni ile ile. Ndugu zangu, mikono ni ile ile!

Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo, sina nyingine. Mboga tunayoililia Septemba ni ile tuliyoitupa Aprili. Shamba limeshatupa. Mvua imeshatupa. Sisi ndio tunaoacha kazi katikati, tukidhani kwamba mtu akishachuma na kupika, bustani imekwisha. Bustani haijaisha mpaka kile kilichozidi kimekauka, kimefungwa, na kimewekwa mahali ambapo panya hafiki.

Mimi si bwana shamba, na cheti changu cha mwisho ni cha darasa la saba. Lakini niliuza mboga miaka kumi na tisa, kwanza Kirumba, halafu hapa Buhongwa. Na muuza mboga anajua jambo moja ambalo wataalamu hawalioni: anajua kilichobaki jioni. Saa kumi na mbili, watu wamekwenda, unatazama meza yako, umebaki na mafungu kumi na tano ya mnavu ambayo kesho hayatatazamika. Nimezibeba kichwani kurudi nazo nyumbani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Mboga hizo ndizo zilizonifundisha kuanika.

Kuhusu kulima nitasema machache, maana wengi mnalima vizuri kuliko mimi. Ila nina kisa kimoja, na ni cha aibu yangu.

Nilikuwa na bustani Luchelele, hatua kama thelathini kutoka majini. Udongo mweusi, ndoo unachota bila kutembea, sukuma wiki majani kama masikio ya tembo. Nikawa najisifu. Watu wakinikumbusha kwamba hairuhusiwi kulima pale, nacheka. Mnajua sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe. Mita 60! Mimi nilikuwa hatua thelathini, tena hatua zangu hizi fupi.

Ukaja mwaka 2020. Mnaukumbuka. Mvua haikukata, na kufikia mwezi wa tano ziwa lilikuwa limepanda mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya sitini. Nilikwenda asubuhi moja nimevaa mabuti, nikakuta vichwa vya sukuma wiki vinachungulia juu ya maji, na katikati ya matuta yangu gugu maji limeelea limetulia kama limealikwa. Nililaumu ziwa mwezi mzima. Ziwa lilikuwa na kosa gani? Mimi ndiye niliyekwenda kulima kitandani kwake.

Tangu hapo nalima nyumbani, kwenye magunia. Walioko Mabatini na Igogo, nyumba iko juu ya jiwe na jiwe liko juu ya jiwe jingine, msiniambie hamna shamba. Gunia moja linatosha kuanzia. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zunguka nje yake kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta kopo juu, jaza tena kokoto, jaza tena udongo, mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya kokoto ndiyo koo la gunia: ukimwaga maji juu, yanashuka mpaka chini badala ya kusimama juu na kumwagikia jirani. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki, panda mchicha, juu weka nyanya mbili. Maji uliyooshea mboga yanafaa. Ya sabuni, peleka kwingine.

Basi. Kulima tumemaliza. Nilisema machache.

Sasa kuanika. Hapa nitakaa, kaeni vizuri.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Misungwi, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na jiwe. Ninyi watu wa Mwanza mnajua nikisema jiwe nasema nini, si kijiwe cha kusugulia miguu. Jiwe lenye ukubwa wa ukumbi huu, mgongo wake laini kama mgongo wa kiboko. Mwezi wa sita viazi vikichimbwa, tunaviacha siku mbili tatu vinywee kidogo, kisha bibi anakaa chini na kisu kilichokwisha kwa kunolewa, kimebaki chembamba kama jani la mtama, na anakata. Hakutazama mikono. Anazungumza na wageni, anatukemea sisi, na vipande vinaanguka kwenye ungo vyote unene mmoja, kama vimepimwa na fundi cherehani.

Halafu jiwe linafagiliwa, linamwagiwa maji, linaachwa likauke, ndipo vipande vinapangwa kimoja kimoja. Si kumwaga. Kupanga. Saa saba mchana jiwe lile hukanyagi bila viatu. Jua linachoma juu, jiwe linachoma chini, na upepo wa ziwani ukianza kupanda unapita katikati. Siku mbili, siku tatu kama kuna mawingu, na michembe imekwisha. Bibi alikuwa anachukua kipande anakivunja karibu na sikio langu. Kikilia *tak*, kiende kwenye kihenge. Kikipinda kimya, kirudi juani. Kipimo chake kilikuwa hicho tu, sauti.

Na matobolwa? Hayo tulichemsha viazi kwanza, tukamenya, tukakata, ndipo tukaanika. Matamu zaidi, lakini kuni zake zilikuwa nyingi. Kwa hiyo michembe ilikuwa ya kila siku na matobolwa ya wageni na ya watoto wanaolia.

Nawauliza: jiwe lile limekwenda wapi? Lipo! Mawe yapo, jua lipo, viazi vipo. Watoto wetu ndio wanaojua michembe kwa kuhadithiwa, kama habari za fisi. Binti yangu mwenyewe aliniuliza kama michembe ni aina ya kaukau. Nikakaa chini.

Lakini leo sikuja kumsifia bibi tu. Bibi alikuwa na makosa yake, naye ni marehemu na atanisamehe. Nsansa zake, yaani majani ya kunde, alizianika juu ya jiwe lile lile, kwenye jua lile lile. Zikatoka rangi ya kahawia kama tumbaku. Tukazila, tukashiba, lakini sehemu kubwa ya kile tulichokuwa tunakihitaji kwenye majani yale jua lilikuwa limeshakila kabla yetu.

Sikilizeni vizuri hapa. Kinachofanya majani yawe na maana kwa macho ya mtoto, ile asili ya vitamini A, jua kali linakiharibu. Kiazi cheupe hakina kitu hicho cha kupoteza, kianike juani bila wasiwasi. Lakini majani ya kijani, karoti, embe, na viazi lishe vile vya rangi ya machungwa, hivyo vinataka kivuli chenye hewa. Kivuli chenye hewa! Si kivulini nyuma ya choo ambako hakuna upepo. Kichanja kilichoinuliwa kiuno hadi kifua, juu kimefunikwa kwa kitambaa cheusi au bati lililoachiwa nafasi, pembeni wazi, upepo upite.

Na kabla ya kuanika, babua. Maji yachemke yaruke, tia majani kidogo kidogo, dakika mbili au tatu, toa, tumbukiza kwenye maji baridi, kamua taratibu, tandaza. Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu jani lililochumwa bado linajifanyia kazi ndani yake, linaendelea kujizeesha hata likiwa kwenye ungo. Maji ya moto yanaisimamisha kazi hiyo. Ndiyo maana nsansa iliyobabuliwa inabaki kijani hadi Septemba, na isiyobabuliwa inafanana na ugoro.

Ukichukua kilo kumi za majani mabichi, yakikauka sawasawa utabaki na kilo moja hivi, au moja na kidogo. Usishtuke, usidhani umeibiwa. Kilichoondoka ni maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yanaozesha. Viazi havipungui hivyo: kilo tatu au nne za viazi zinakupa kilo moja ya michembe.

Wadudu sasa. Tunaoishi karibu na maji tunawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama wingu la moshi, unafunga madirisha, unafunga mdomo. Wakitua kwenye kichanja chako, umeongeza kitoweo usichokipanga. Kwa hiyo lazima ufunike. Ufunike na nini?

Nilimkuta mama mmoja, sitasema wa mtaa gani, amefunika mboga zake vizuri kabisa, kamba nne pembeni, kazi safi. Nikasogea kumpongeza. Kumbe ni chandarua cha dawa. Kile kile cha mbu, tena kipya, bado kina mikunjo ya pakiti. Nikamwambia mama, hicho kimewekwa dawa ya kuua mdudu akikigusa tu, nawe umekilaza juu ya chakula cha wanao. Akanijibu, "Mbona dagaa wanaanikiwa humo humo?" Nikakosa la kusema kwa muda, maana alikuwa anasema kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini kosa likifanywa na watu mia bado ni kosa. Nunua wavu wa dirisha, ule usio na dawa, mita mbili. Chandarua kirudi kitandani kikafanye kazi yake.

Jioni ingizeni ndani. Saa kumi na moja kabla umande haujashuka. Ukiacha nje usiku, kile ulichokausha mchana kinakunywa tena, na hapa kwetu karibu na ziwa usiku una maji hata pasipo na mvua.

Nitawasimulia hasara yangu ya pili, halafu mnipumzishe na kucheka.

Mwaka mmoja nilianika nsansa nyingi, nusu gunia zima, nikijiambia mwaka huu nitauza Septemba kwa raha zangu. Siku ya mwisho wingu likatanda, nikaogopa mvua. Nikashika majani, nikaona yamekauka kauka. *Kauka kauka!* Nikayasindilia kwenye kiroba cha nailoni, nikafunga kwa kamba ya katani, nikaweka juu ya dari ya jikoni. Agosti nakifungua, harufu ikanipiga kabla ya macho kuona. Ndani yamefungana kama keki, na katikati kuna manyoya meupe na ya kijani.

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, akasema, osha, anika tena, watu wamekula zaidi ya hayo. Tukabishana mpaka jua likazama. Hapa sikukubali, na nanyi msikubali hata mkishauriwa na mtu mnayemheshimu. Kuna ukungu unaoacha sumukuvu. Sumu hiyo haioshwi ikaondoka, haichemshwi ikafa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki kwa sumukuvu. Kule ilikuwa mahindi, chakula cha kila siku, chakula cha nyumbani. Zile nsansa nilizifukia. Sikuwapa kuku pia, maana sumu ukimpa kuku haijapotea, imebadilisha njia tu.

Kwa hiyo jani likauke mpaka likisuguliwa kiganjani linakuwa unga. Siyo kauka kauka. Liache lipoe kabla ya kufunga, kwa sababu likifungwa na joto litatoa jasho lenyewe. Weka kwenye chombo kinachobana, ndoo yenye kifuniko au chupa, vifurushi vidogo vidogo vya kupika mara moja, uandike mwezi. Baada ya wiki moja fungua uchungulie. Ukiona ukungu wa mvuke ndani ya chupa, rudisha kichanjani siku hiyo hiyo.

Ya embe nayataja haraka. Maembe ya Januari, yale yanayotoka Ukerewe mpaka bei inakuwa aibu: chagua yaliyoiva lakini bado magumu, kata vipande vyembamba, pitisha kwenye maji ya limau, anika kivulini mpaka yawe kama ngozi laini, yanapinda bila kutoa maji. Watoto wanayamaliza kabla hujayafunga. Mchaichai, rosimeri, majani ya mrehani: funga vishada, ning'iniza kichwa chini jikoni mbali na moshi, basi. Pilipili vivyo hivyo. Achari ya ndimu na ya embe akina mama wa Pwani wanaweza kunifundisha mimi, siwezi kujifanya.

Sasa nyanya za chupa. Kuna mama pale ananitazama kwa sababu anajua kisa hiki.

Nilijifunza kwenye simu. Video ya mama mmoja wa Ulaya, jikoni kwake kunang'aa, anaponda nyanya, anajaza chupa, anachemsha, anapanga kabatini. Nikasema hata mimi. Nikanunua tenga la nyanya bei ya kutupa, nikakusanya chupa sita za jamu na asali, na vifuniko vyake vile vile vya zamani. Nikachemsha dakika alizosema yule mama. Wiki ya pili usiku tunasikia mlio. Mume wangu akaamka akachukua panga. Alikuwa mwizi? Ilikuwa nyanya! Chupa moja imepasuka, nyingine kifuniko kimeruka, ukuta mzima umekuwa kama kumechinjwa.

Nilikosea wapi? Kwanza vifuniko: vilivyokwishatumika havibani tena. Pili, nyanya haina ukali, yaani uchachu, wa kutosha kujilinda peke yake. Kila chupa ya nusu lita inataka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya chupa ya dukani, au viwili vya siki yenye asidi asilimia 5. Tatu, na hili ndilo lililonishangaza, nilifuata muda wa mtu anayekaa karibu na bahari. Sisi tunaona ziwa tunadhani tuko chini. Ziwa hili liko juu ya bahari kwa mita 1,134 hivi! Kule chini maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanaruka, yanatoa mvuke, yanakudanganya, lakini moto wake ni pungufu. Kwa hiyo nyanya zilizopondwa na kuchemshwa kwanza, kwenye chupa ya nusu lita iliyozamishwa, kule pwani ni dakika 35, huku kwetu ni 45 tangu maji yaanze kuchemka.

Na hiyo ni nyanya, yenye ukali kidogo. Mchicha, maharage mabichi, mahindi, usiviweke kwenye chupa na kuvichemsha kwenye sufuria ukadhani umehifadhi. Kuna bakteria anayestahimili maji yanayochemka na kuzaa sumu ndani ya chupa isiyo na hewa, bila harufu, bila kubadili rangi. Vitunguu saumu kwenye mafuta, vikikaa nje siku nyingi, ni hatari ile ile.

Mkitaka maoni yangu, mimi nyanya za chupa nimeziacha. Chupa nzuri ni ghali na mkaa ni ghali. Nakata nyanya nusu kwa nusu, natoa mbegu, nanyunyiza chumvi, naanika mpaka zinakuwa ngumu, nasaga. Vijiko viwili vya unga huo kwenye samaki wa Septemba, mtu haulizi nyanya ziko wapi. Chupa nimeziachia jamu ya mananasi, ambayo sukari na limau vinailinda.

Kabla ya kwenda jikoni, kitu kimoja kizito. Wazee wa upande wa Mara watanisaidia. Mwaka 1985 Tarime kulikuwa na ukame, na watu, wengi wao watoto na akina mama, wakaamka miguu imekakamaa, haiendi, na haikurudi kuwa kama zamani. Ugonjwa unaitwa konzo. Ulitokana na mhogo mchungu. Je, walikuwa hawajui kuuandaa? Walijua! Bibi zao walijua, wao walijua. Lakini njaa ilipobana walikatisha siku za kuloweka na kuanika, na hawakuwa na mboga wala samaki wa kutosha kuusaidia mwili uitoe sumu. Nalisema hili ili mwone kwa nini nawapigia kelele mwezi wa sita. Mtu mwenye njaa hana subira ya siku nne. Kisamvu nacho ni hivyo: kitwange hasa, kichemshe sufuria likiwa wazi, usikifanyie haraka.

Haya, sasa jikoni, maana nasikia harufu na nyinyi mnaisikia.

Nsansa inalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, nusu saa. Kaanga kitunguu kama unacho, kama huna endelea. Tia nsansa na maji kidogo, ichemke ilainike, kisha karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maji kwenye kikombe, mimina taratibu huku unakoroga, moto mdogo, mpaka mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Chumvi mwisho. Bibi hakujua habari za vitamini, lakini hakupika nsansa bila karanga au maziwa, na leo wataalamu wanasema vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Nilipolisikia hilo kliniki nilicheka peke yangu mpaka nesi akaniuliza nina nini.

Magadi, jamani. Najua mlenda bila magadi mnasema hauvutiki. Lakini magadi yanaua sehemu ya vitamini, na kwa mboga iliyokwisha kupoteza vitamini C yake wakati wa kuanikwa, unamwibia aliyekwisha kuibiwa. Punguzeni, kama kuacha hamuwezi. Na kwa sababu ile C imekwenda, Septemba usile nsansa peke yake: kamulia limau, au mpe mtoto pera, au ubuyu. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, maana inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Naona mnatazamana. Najua, chai hiyo ya maziwa na tangawizi tunaipenda wote. Isubiri tu.

Nimeulizwa swali na mama wa pale pembeni, viazi lishe vikikaushwa vinadumu mpaka lini. Jibu la kweli: kiazi chenyewe kinadumu, ile rangi yake ndiyo inayopungua, na ndani ya miezi michache sehemu kubwa ya faida yake inakuwa imekwenda hata kikiwa kimefungwa vizuri. Kwa hiyo viazi lishe vikaukavyo vianze kuliwa mapema, Julai, Agosti. Michembe ya viazi vyeupe ndiyo isubiri hadi Septemba na zaidi.

Mzee amenyoosha mkono, anauliza wanaume wafanye nini. Wabeja sana, yaani asante sana, baba kwa swali hilo. Vichanja havijijengi.

Nimeoneshwa saa, saa nne na nusu. Nje chini ya mwembe kuna magunia mawili ya viazi vilivyonywea tangu Alhamisi, visu viko kwenye karai, maji ya kunawa yako kwenye ndoo ya bluu. Jiwe la nyuma ya ukumbi vijana wamelifagia jana. Tukate pamoja mpaka saa sita, sufuria la nsansa litakuwa tayari. Nitakuwa napita nyuma yenu kutazama unene wa vipande. Anayekata vinene ataosha vyombo.